Nyanda Tatu za Fahari

Miongoni mwa vitu ambavyo mwanadamu hununua ili aonekane mrefu pasipo kurefuka, viatu vya visigino vilitangulia, tarbushi ikafuata, na katika zama zetu hizi limezuka gari dogo la familia lililoinuliwa kidogo kutoka ardhini, likazungushiwa plastiki nyeusi juu ya magurudumu, likatundikwa paani vyuma viwili ambavyo aghalabu havibebi kitu, kisha likauzwa kwa bei iliyoinuka kuliko lenyewe. Sisi wakazi wa Kitale, na hasa sisi tunaopita Kipsongo kila uchao, tumelifanya jambo hili kuwa mjadala wa msimu: mvua zinapofungua mwezi wa Machi au Aprili, wakulima wakashughulika kupanda mahindi na matrekta yakashughulika kuchimba mifereji barabarani, swali huulizwa kinyozini, dukani na hata matangani, kwamba je, yampasa mtu mwenye akili timamu kuuza gari lake fupi ili anunue ndugu yake mrefu?

Insafu yataka tuanze kwa nasaba, maana kiumbe hiki hakikuzaliwa jana. Mwaka 1977 kampuni ya Matra ya Ufaransa ilichukua gari dogo la Simca 1100, ikalivisha mwili mpya wenye sura ya kuwindia simba, ikaliita Rancho; wateja wakalipenda, ingawa nguvu zake zote zilikwenda kwenye magurudumu ya mbele peke yake, na simba, lau angalitokea, angalikutana na gari la kwendea sokoni. Rover wa Uingereza wakafuata mwaka 2003, wakaliinua gari lao la 25 na kulipa jina la Streetwise. Volkswagen nao wakalinyanyua Polo kwa milimita 15, wakaliita CrossPolo. Na milimita 15, kwa kipimo cha wazee wa pwani, hazitimizi hata wanda mmoja, yaani upana wa kidole kimoja cha mkono.

Ama Wajapani, ambao ndio watupatiao magari sisi tusiojaaliwa kununua jipya, wao wametofautiana kwa ukarimu. Honda Fit ya kawaida iliyotoka mwaka 2020 huacha milimita 135 baina ya tumbo lake na ardhi, na nduguye aitwaye Crosstar huacha 160, yaani humzidi kwa wanda mmoja na kitu. Subaru walikunjua mkono zaidi: Impreza ina 145, na XV, iliyotokana na Impreza hiyo na kuanza kuuzwa kwao mwaka 2012, ina 200. Tofauti hiyo ni takriban nyanda tatu, na tena XV ina nguvu katika magurudumu yote manne. Basi yeyote asemaye kwamba magari haya yote ni hadaa tupu huyo amevuka mpaka wa haki, na mimi simo.

Walakini nyanda hizo hazishuki Mombasa bure. Sheria ya Kenya hairuhusu gari lililokwisha kutumika liingie nchini likiwa limepita umri wa miaka minane, na lile linaloruhusiwa hutozwa ushuru kwa kadiri ya thamani yake. Na maadamu gari refu limethaminiwa zaidi ya fupi, ijapokuwa injini ni ileile, viti ni vilevile na milango haikuongezeka, mnunuzi hulipia kimo mara mbili, kwanza kwa muuzaji na pili kwa serikali, ambayo kwa desturi yake haikosi fungu hata katika hewa iliyo chini ya gari.

Hoja hizi zote nilimweleza shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu wa Kimilili katika kaunti ya Bungoma, mstaarabu, mkarimu, na mwenye masikio yasiyoingiwa na shauri lisilomsifu. Akalinunua gari refu, na Jumapili moja ya mvua akalileta Kitale tulione. Mimi, mwenye gari fupi, ninayo desturi yangu: mvua ikinyesha huliacha gari kwenye lami mbele ya duka, nikavaa gambuti, nikaendelea kwa miguu pamoja na umma, wala hakuna anionaye kuwa nimepungukiwa, kwa sababu ufupi wa gari unajulikana na kuhurumiwa. Shemeji hakuwa na ruhusa hiyo. Mtu aliyelipia kimo hawezi kuegesha kimo chake dukani na kutembea. Fahari yake mwenyewe ilimsukuma aingie, akapita pale ambapo mimi ningalikwama, akapita na pa pili, nasi tukashangilia, hata alipofika penye utelezi mtupu gari likageuza ubavu taratibu, likaketi mferejini, na magurudumu ya mbele yakaanza kuturushia tope sisi tuliokuwa tukishangilia.

Hapa pana elimu ambayo muuzaji hakumfunulia. Kimo humfaa dereva pale palipo na mgongo wa udongo katikati ya njia mbili za magurudumu, maana gari fupi hulalia tumbo juu ya mgongo ule na magurudumu yakabaki kuning'inia. Kadhalika humfaa kwenye matuta yaliyojengwa barabarani na watu ambao, kwa dhahiri ya kazi yao, hawajapata kumiliki gari. Lakini katika utelezi kimo hakishiki chochote. Kinachoshika ni mpira wa gurudumu wenye meno, na idadi ya magurudumu yanayopokea nguvu, na mguu mpole wa dereva. Na gari la shemeji lilikuwa na mipira laini ya mjini, na nguvu mbele tu, na mguu wa mtu anayetazamwa na wakwe.

Vijana wakaja kusukuma. Wanayo bei yao, nayo haiandikwi popote, ila hufuata kanuni thabiti. Gari langu fupi hulisukuma kwa thamani ya soda. La shemeji walilitazama juu mpaka chini, wakashauriana, wakataja kiasi cha kumlipa fundi kutwa nzima. Shemeji akafungua dirisha, akawahutubia kwa mantiki iliyonyooka: kwamba gari hili ndilo lile fupi, injini moja, viti vilevile, na uzito umezidi kidogo sana, kwa hiyo hapana sababu ya kutoza zaidi.

Kiongozi wao, kijana mwenye gambuti mbili za rangi tofauti, alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mzee, kama ni ile ile, mbona wewe uliongeza pesa?"

Sijapata kusikia tasnifu fupi kuliko hiyo juu ya biashara ya magari. Shemeji alilipa, na akalipa bila kudai chenji.

Jioni, alipokuwa akirudi kwao, desturi ikachukua nafasi yake. Mgeni wa Trans Nzoia haondoki mikono mitupu: yakapakiwa magunia mawili ya mahindi, kila moja kilo 90, wakaingia shangazi wawili waliokuwa wakingoja usafiri tangu adhuhuri, akaingia kuku, na mkungu wa ndizi ukalazwa miguuni. Springi zikainama, na zile nyanda za fahari zikayeyuka mbele ya macho yetu. Kitabu cha gari hutaja kimo bila kumtaja shangazi. Kabla ya kufika Kiminini walipanda tuta, na sauti iliyotoka chini, kwa ushahidi wa shangazi mmoja, ilimfanya kuku atage.

Wapo wasemao kwamba hapana haja ya kununua ndugu mrefu, kwa kuwa mafundi wa jua kali watakurefushia huyo huyo mfupi kwa kutia vipande juu ya springi, waviitavyo spesa, na kazi ikamalizika kabla ya chai kupoa. Ni kweli gari litainuka. Lakini vyuma vipelekavyo nguvu kwenye magurudumu vitapinda pembe isiyokusudiwa na aliyevitengeneza, viungo vyake vitaanza kugonga katika kila kona, mipira italika upande mmoja, na ile fedha uliyomnyima muuzaji utampelekea fundi kwa mafungu madogo madogo yasiyo na mwisho.

Wazee wa Kitale husikiliza haya yote wakitabasamu, maana wao wanakumbuka Safari Rally ya mwaka 1963, ambapo yalianza magari 84 yakamaliza saba tu, la kwanza likiwa Peugeot 404 la Nick Nowicki. Na ya mwaka 1968, ambapo yalianza 93 yakamaliza saba vilevile, na Nowicki akashinda tena, tena kwa Peugeot 404. Hilo lilikuwa gari la familia, la kwenda kanisani na kupeleka watoto shule, halikuvishwa plastiki wala kutundikwa vyuma vya paani. Ukiwaambia wazee hawa kwamba siku hizi mtu hulipa zaidi ili apate ukingo mweusi wa kumkinga na matope, watakuuliza kama na matope yameelezwa.

Kufikia hapa msomaji atadhani nimekwisha hukumu dhidi ya gari refu. La hasha. Ipo hoja moja ambayo vitabu vya magari havikuiandika, na ambayo kwangu inazipiku zote, nayo ni hoja ya mama mkwe.

Kwetu, mtu na mama mkwe wake hupeana heshima kwa mbali. Hawashikani mikono, na kukaa kwao katika gari moja kwahitaji busara na kiti cha nyuma. Sasa tafakari hali ya mama mtu mzima, mwenye magoti yaliyolima mashamba ya Bungoma miaka mingi, akiwa ameketi katika gari fupi, magoti yamepanda kuliko nyonga, naye ataka kutoka. Kwa kawaida mtu humpa mkono akamvuta. Mkwe hawezi. Mimi nimesimama kando ya mlango, mikono nyuma, nikimsaidia kwa maneno: "Polepole, mama," "Shika hapo juu, mama," huku mama akihesabu kwa sauti na kurudi kitini, mpaka akaitwa mwendesha bodaboda apitaye njia, mtu asiye na udugu nasi, akamtoa kwa mikono miwili mbele ya umati ambao ulikuwa umeanza kutoa maoni. Staha ilihifadhika, ila ililipiwa nauli.

Katika gari refu la shemeji, mama huyo huyo aliketi kwa kusogea tu, kwa maana kiti kilikutana na nyonga yake pale ilipokuwa, na walipofika alishusha miguu, akasimama, akarekebisha leso yake, akamsalimu kila mtu. Nyanda zilezile ambazo tope lilizidharau, magunia yakazimeza na ushuru ukazitafuna, zilitosha kulinda heshima ya nyumba mbili.

Basi hii ndiyo rai yangu. Anayetaka kulishinda tope la Kipsongo anunue kwanza mipira yenye meno, na fedha ikibaki anunue gambuti. Anayetaka kuheshimiwa na vijana wa kusukuma, ajue kwamba heshima hiyo ina bei na hulipwa papo hapo. Lakini mwenye wazazi, wakwe, au magoti yake mwenyewe yaliyoanza kulalamika, anunue gari refu bila kuona haya, ila asiende kwa muuzaji na rula. Aende na mzee wa nyumbani kwao, amketishe, amwambie atoke. Na mzee akitoka pasipo kumwita Mungu wala mtu, alipe.