Kabla Hujatia Sahihi: Mwongozo kwa Kuruta wa Starfleet

Umeamua kujiunga na Starfleet, kikosi cha anga za juu cha Shirikisho la Sayari katika hadithi za Star Trek, kikosi chenye mizinga, meli za vita na mahakama za kijeshi, ambacho hukana kila mara kwamba ni jeshi. Hongera. Miaka minne ya Chuo cha Starfleet kule San Francisco huna subira nayo; unataka sare mwezi ujao na nyota mwezi unaofuata. Basi utaingia kwa mlango wa mabaharia wa kawaida, si wa maafisa. Kabla hujaingia, fahamu kwamba mlango huo wenyewe huonekana siku moja na kupotea siku nyingine.

Lawama ianzie juu. Gene Roddenberry, aliyeanzisha hadithi hizi mwaka 1966, alikuwa rubani wa ndege za mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia, kisha polisi wa Los Angeles hadi akafikia usajenti. Mtu huyo aliyewahi kuvaa tepe ndiye aliyeshikilia kwamba kila aliyemo ndani ya meli ya Enterprise ni mwanaanga aliyefuzu, kwa hiyo wote ni maafisa. Wazo la kiungwana kabisa, ila lazima apatikane mtu wa kushika bisibisi. Waandishi wake wakawa wanamwita baharia wa chini kila palipotokea kazi ya kumfaa, kazi ikiisha wanamsahau.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake ya kuwa macho. Katika kipindi cha kwanza kabisa kurushwa hewani, Septemba 1966, Luteni Uhura, afisa wa Enterprise, anakutana koridoni na baharia mtanashati asiye na jina, naye anamsemesha Kiswahili. Kumbe si baharia. Ni kiumbe wa sayari nyingine anayejigeuza umbo na kuwafyonza watu chumvi mpaka wafe. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga, na hilo peke yake lingetosha kumwita mlinzi.

Vyeo ni vichache. Chini kabisa wapo mabaharia, nao wana madaraja, la kwanza likiwa ndilo la juu. Juu yao wapo machifu, yaani mafundi wazoefu ambao meli haiondoki bila wao. Afisa utamjua kwa vitufe vya dhahabu kwenye ukosi: kimoja ni luteni usu, vinne ni nahodha. Baharia ukosi mtupu. Mshahara hakuna, maana Shirikisho halitumii fedha, hivyo usipoteze muda wa karani wa usajili kwa maswali ya posho ya safari.

Sare: mwaka 1966 mafundi na walinzi walivaa nyekundu, na mwenye shati jekundu aliyeshuka kwenye sayari ngeni pamoja na nahodha alikuwa ameshaaga. Kufikia 1987 wakubwa wamejitwalia nyekundu, mafundi na walinzi wakapewa rangi ya dhahabu. Vifo havikuhama na rangi. Viliwafuata walewale.

Sasa tuzungumzie Miles O'Brien, kwa kuwa kila ofisa usajili atakutajia jina lake. Muulize ofisa huyo O'Brien ana cheo gani, umtazame anavyokohoa. Mwaka 1987 kijana huyu, akiigizwa na Colm Meaney, anaonekana kwenye usukani wa Enterprise bila jina. Baadaye anahamishiwa mtambo wa kusafirisha watu, akiwa na vitufe viwili vya luteni ukosini, na Riker, msaidizi wa nahodha mwenyewe, anamwita luteni mbele ya watu. Halafu inafika 1990, inaamuliwa kwamba ni chifu. Hakukuwa na mashtaka, barua wala gwaride la kumvua vitufe. Baadaye ukosi wake unabaki na kitufe kimoja cheusi chenye duara la dhahabu, na miaka michache mbele, kituoni Deep Space Nine, anavishwa tepe. Hakushushwa cheo huyu. Aliarifiwa tu kwamba siku zote alikuwa chini.

Na kazi? Alikabidhiwa kituo kizima kilichojengwa na Wakardasi, watu aliowahi kupigana nao vitani, kila waya umepita pasipopita waya. Alikifufua. Shukrani aliyopata kutoka kwa waandishi ni desturi yao ya kumtesa kila msimu, kwa kuwa waligundua kwamba mtazamaji huumia zaidi akiumia mtu wa kawaida. Mwaka 1994 tunamfuata kipindi kizima akidhani mke na wenzake wamemgeuka, kumbe tunayemfuata ni nakala yake, na nakala inakufa. Mwaka 1995 anakufa kwa mionzi, na anayerudi kazini ni O'Brien wa saa chache mbele, na haieleweki kama alipewa japo siku moja ya mapumziko. Mwaka 1996 wageni wanampachika kichwani kumbukumbu za miaka ishirini ya kifungo, kwa muda wa saa chache tu. Nahodha hafanyiwi haya kila mwaka. Nahodha akiteswa, anapewa medali na divai.

Ofisa usajili atakwambia kwamba O'Brien aliishia pazuri, na ni kweli: mwaka 1999 anaondoka kwenda kufundisha uhandisi Chuoni. Asiye na shahada ya uafisa anawafundisha maafisa. Wakihitimu, siku hiyohiyo wanakuwa wakubwa wake.

Wapo waliopanda. Janice Rand alianza 1966 kama karani wa Nahodha Kirk, kazi yake trei ya chakula na karatasi za kusainiwa, ambazo wakati huo zilikuwa vibao vya kielektroniki. Mwigizaji wake, Grace Lee Whitney, aliondolewa kabla msimu wa kwanza haujaisha. Filamu ya 1979 ikamrudisha akiwa chifu wa mtambo wa kusafirisha watu, akapokea kazi siku ambayo mtambo unaua watu wawili mbele ya macho yake. Mwaka 1991 tunamkuta ni afisa katika meli ya Nahodha Sulu. Njia ipo, basi. Toka kwenye trei hadi kwenye vitufe ni robo karne ya watazamaji.

Kama huna subira hiyo, usidanganyike kwamba uafisa ungekusaidia. Harry Kim alipanda meli ya Voyager akiwa luteni usu, akashuka baada ya misimu saba akiwa luteni usu. Katikati alikufa; nafasi yake ikachukuliwa na pacha wake kutoka nakala ya meli ileile, na pacha naye hakupandishwa. Kwa upande mwingine, Nog, mtoto aliyekamatwa na mlinzi kwa wizi siku za mwanzo za Deep Space Nine, anaingia Chuoni, na kabla hujamaliza kushangaa amevishwa kitufe. Kuanzia hapo O'Brien, aliyemfundisha kazi, ni wa chini yake.

Uangalie pia utakapopangiwa. Ndani ya Voyager hiyohiyo alikuwemo baharia Mortimer Harren, msomi wa chanzo cha ulimwengu. Taasisi aliyotaka kusomea ilimdai mwaka mmoja wa kazi za vitendo, akachagua meli. Alikwenda fildi. Meli ikatupwa umbali wa miaka ya nuru 70,000 kutoka nyumbani, naye akawa anakaa sitaha ya 15, chini kabisa, akipiga hesabu zake na kumchukia kila anayeshuka ngazi. Bahati yake ni kwamba waliokuwa wakishuka walikuwa wachache mno. Nahodha Janeway alimfikia miaka mingi baadaye, kwa sababu ripoti ya ufanisi ilimtaja miongoni mwa watatu wasiofaa.

Limebaki suala la fomu, na hapa nakuomba uvute kiti. Simon Tarses, baharia daraja la kwanza, fundi wa hospitali ya Enterprise, alikuwa na sababu kama yako: hakutaka kungoja Chuo. Kwenye fomu aliandika kwamba babu yake alikuwa Mvulkani. Babu alikuwa Mromulani, yaani wa upande wa maadui. Mwaka 1991 kitu kikalipuka kwenye injini, admirali akaja kutafuta wahaini, na katika meli yenye watu zaidi ya elfu moja jicho lake likatua kwa kijana wa ukosi mtupu. Ilibidi Picard, nahodha wa meli, asimame yeye mwenyewe kumtetea, na mlipuko ulishaonekana kuwa ajali ya kawaida. Tarses alikuwa ameshaona kazi yake imekwisha.

Kwa hiyo kipengele cha mababu kijaze mwisho, kwa herufi kubwa, ukiwa na shahidi. Kama kuna babu usiyemfahamu vizuri, mpigie simu bibi kwanza. Na nakala ya fomu usiiache kwa karani, iweke kwako.