Sifa za Choo Bahili

Fasihi ya Kiarabu, ambayo wasomi wa Unguja wameishi nayo kwa muda mrefu, inamkumbuka Al-Jahiz wa Basra, mwandishi wa karne ya 9 aliyetunga kitabu kizima kuhusu mabahili na hoja zao, na waliomsoma wanajua kwamba bahili hodari hauonei haya ubahili wake bali huuita busara, kisha akamshangaa asiyemfuata. Kwa kuwa mwandishi huyo hakuwahi kukiona choo cha kukaa chenye vitufe viwili juu ya tangi lake, kimoja cha haja ndogo na kimoja cha haja kubwa, si vibaya pengo hilo likazibwa sasa, tena kwa kukitazama choo hicho pale ambapo fadhila zake hudhihirika zaidi, yaani katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako nyumba ni kongwe na mabomba yake nayo hayakubali kuachwa nyuma.

Choo bahili, kama kitakavyoitwa hapa, ni kile kinachotumia lita 6 au pungufu kila kinapovutwa maji, na kwa haja ndogo hutosheka na lita 3 hivi, ilhali vyoo vya zamani vilizoea kumwaga lita 9, 13 na hata zaidi kwa mkupuo mmoja. Marekani ilihitaji sheria ya mwaka 1992 ili kuwafikisha watu wake kwenye lita hizo 6. Unguja mgao wa maji umeifanya kazi hiyo bila bunge lolote kuketi. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, aliyaleta maji mjini kwa mabomba kutoka chemchemi zilizo nje ya mji, lakini mji umekua na chemchemi hazikukua, na mtu aliyekesha akisubiri maji yatoke ili ayasukume kwa pampu hadi kwenye tangi la plastiki lililo juu ya paa hana haja ya kuhubiriwa thamani ya tone.

Fadhila kubwa ya choo hiki, hata hivyo, haionekani kinapoingiza maji bali kinapoyatoa. Bomba la maji machafu halina pampu. Linategemea mwinamo, yaani ule mteremko mdogo ambao fundi huliwekea ili maji yaende yenyewe, na aliyelilaza zamani alipiga hesabu ya mkupuo mkubwa, akachagua bomba pana. Ili mkondo ubebe uchafu mzito, yabidi maji yaende kwa kasi ya kama nusu mita kwa sekunde au zaidi. Lita 6 zikiingia katika bomba pana la chuma lililokwaruzwa na kutu, au la udongo ambalo viungo vyake vimezama, hutandaa chini kama ukanda mwembamba wa maji, zikapita zenyewe na kuuacha mzigo njiani. Katika nyumba ya ghorofa tatu mambo huanza kwa fahari, kwa kuwa kila kitu huporomoka wima, lakini pale chini bomba linapokunja na kulala, kasi hufa, na hapo mzigo huweka makazi.

Matokeo yake ni kwamba choo bahili kimeirudishia ndoo heshima yake. Mtumiaji hubonyeza, hutazama, husubiri tangi lijae, hubonyeza tena, kisha huchota ndoo ya lita 10 akaimimina kwa mkono ulionyooka, hivyo haja moja ikala lita 22, na aliyenunua choo kwa ajili ya kuokoa maji amepata pia mazoezi ya viungo. Anayestanji kwa maji huongeza lita moja au mbili ambazo kiwanda hakikuzipigia hesabu, na bomba humshukuru. Mgeni wa nyumba ya kulala wageni hupunguza maji hayo na kuongeza karatasi, licha ya tangazo lililobandikwa mbele ya macho yake.

Isisahaulike fadhila ya ujirani. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 majumba mengi yaligawanywa kwa familia kadhaa, vyoo vikaongezwa juu na nyuma, na mabomba yakaungwa katika njia ileile, kiasi kwamba kuziba kwa mmoja ni kuziba kwa wote. Baraza basi huitishwa kichochoroni, kwenye chemba, yaani kishimo cha ukaguzi chenye mfuniko wa zege na pete ya chuma, ambapo fundi huunga fimbo zake moja baada ya nyingine, huzisukuma, huzizungusha, huku wa ghorofa ya juu akiapa kuwa hakuvuta maji tangu asubuhi. Watu waliopita bila kusalimiana kwa mwezi mzima hujikuta wakichangishana.

Hata hifadhi ya majengo inafaidika. Mji Mkongwe uliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na wageni huja kupiga picha milango ya nakshi. Hakuna anayepiga picha bomba. Bomba likiziba, maji hutafuta ufa, hupenya katika kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo hunyonya unyevu kwa pupa, na hatimaye hufika kwenye boriti. Doa linalojitokeza ukutani huonyesha mahali pa ubovu vizuri kuliko ramani yoyote, ingawa kwa kawaida huchelewa kidogo.

Ukiondoka mjini ukaenda kwenye nyumba mpya za shamba, ambako choo hichohicho kina bomba jipya la plastiki, fupi, lenye mwinamo mzuri hadi kwenye karo, yaani shimo lililojengewa la kupokea maji machafu, utakikuta kikifanya kazi bila malalamiko na kulichelewesha karo kujaa, na kwa sababu hiyo hakuna cha kukisifia huko. Sifa hustahili Mji Mkongwe peke yake, ambako mwenye nyumba akipewa bei ya kubadilisha bomba zima huona ni nafuu kumwomba fundi apandishe boya la tangi, lile dubwana linaloelea na kuyakata maji, ili kila mkupuo uwe na maji mengi zaidi. Fundi hupandisha hadi mwisho, hulipwa, huondoka, na mwenye nyumba huendelea kuwaeleza wageni wake kwamba ana choo cha lita 6.