Ombi la Kazi ya Kutafitiwa

Mutoshi, Kolwezi
Jimbo la Lualaba

Kwa: Benki ya Dunia, idara yoyote inayotafiti ajira, Washington
Nakala: Wizara ya Kazi, Kinshasa; vyuo vikuu vinavyohusika; na kila mwenye tableti na dodoso
Kuhusu: Ombi la kazi ya kudumu

Waheshimiwa,

Naomba kazi.

Msishtuke, siombi kazi ya mgodini. Hiyo naijua, nanyi mnaijua kunishinda, maana mimi niliifanya tu, ninyi mmeiandika. Naomba kazi ya kutafitiwa.

Nimelifikiria jambo hili muda mrefu. Hapa kwetu kazi huja kama mvua ya Oktoba: inanguruma, inatimua vumbi, ukiinua macho mawingu yameshapita. Moja tu haijawahi kukauka, nayo ni kuwauliza watu wa Mutoshi wanaishije. Bei ya kobalti ikipanda, kama mwaka 2018, mnakuja kuuliza kwa nini kila mtu amekimbilia mashimoni. Ikianguka, kama mwaka uliofuata, mnakuja kuuliza wale wa mashimoni wamekimbilia wapi. Februari 2025 serikali ilifunga mlango wa kusafirisha kobalti nje ili bei iinuke. Maswali yaliendelea kusafirishwa bila kizuizi. Mtu mwenye akili huomba kazi mahali ambapo bei ya soko la metali la London haifiki.

Uzoefu ninao. Mara ya mwisho kutafitiwa ilikuwa chini ya mwembe wa jirani yangu. Alikuja binti mmoja kutoka Lubumbashi, mpole, viatu vyake vyeupe vimeshageuka rangi ya njia yetu. Akanipa sucré, yaani soda, akawasha tableti, akauliza: “Papa, katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote ya malipo, hata kwa saa moja?”

Nikamwambia ukweli. Jumanne nilimbebea mtu gunia kutoka depo ya kununulia madini hadi kwenye pikipiki, akanipa franka za kununulia unga.

“Ilichukua saa moja?”

“Tukihesabu na muda wa kumsubiri mwenye pikipiki, ndiyo.”

Akagusa kioo kwa kidole. “Basi, Papa, wewe umeajiriwa.”

Waheshimiwa, nilitoka nyumbani asubuhi sina kazi, nikarudi mchana mwajiriwa. Nikamwambia mama watoto. Akaweka mwiko chini, akaniuliza mshahara uko wapi, nikamwonyesha chupa ya sucré. Baadaye nikaambiwa kwamba hicho ndicho kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, saa moja ndani ya wiki inatosha, na kwamba ni kwa ajili ya kulinganisha nchi na nchi. Nimefurahi kulinganishwa. Kabla hajaondoka nilimuuliza yule binti kuhusu kazi yake mwenyewe. Alikuwa analipwa kwa kila dodoso, na mkataba wake ulikuwa unaisha Ijumaa.

Najua mtauliza kwa nini nawaandikia ninyi kwanza. Ninawaheshimu kama wakongwe wa fani hii ya ajira. Wazee wetu walipokuwa kwenye kampuni ya madini ya Union Minière, halafu mrithi wake wa serikali, Gécamines, mtu alijua kazi ni nini: mshahara, nyumba, hospitali, shule ya watoto, na posho ya unga. Palikuwa na ubwana mwingi ndani yake, hilo sisahau, kampuni ilitaka kujua hata nani amelala nyumbani kwa nani. Lakini miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000, na harusi nyingi za Kolwezi zilifungwa kwa sababu bwana harusi alikuwa na namba ya kazi. Kisha fedha zikaliwa, mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, mishahara ikachelewa miezi hadi watu wakaacha kuhesabu. Mwaka 2003 mkaja ninyi na dawa. Dawa iliitwa Opération Départs Volontaires, yaani kuondoka kwa hiari.

Neno hilo “hiari” nalipenda sana. Mtu hajalipwa miezi na miezi, mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa ada, halafu anawekewa karatasi mezani: chukua hiki uende, au baki usubiri kisichokuja. Mwizi wa usiku naye hutumia hiari ya namna hiyo, pesa au roho, na kila mtu huchagua mwenyewe. Wakajitolea wafanyakazi 10,655. Sijui nchi nyingine yenye moyo wa kujitolea kiasi hicho kwa wakati mmoja. Baadaye wajitoleaji hao waligundua kwamba walichopewa hakifanani na walichokuwa wanadai, wakaunda umoja wao, na mwaka 2009 malalamiko yakafika mpaka kwenye jopo lenu la ukaguzi. Hadi leo ukitafuta nyumba ya mzee fulani utaelekezwa hivi: ni yule Départ Volontaire, kona ya pili.

Profesa Benjamin Rubbers wa Chuo Kikuu cha Liège amewaandikia wazee hao kitabu, na kitabu chenyewe ni kizuri, sina neno. Kwa hiyo mzee hana pensheni ya maana, lakini tanbihi anayo. Tanbihi haipungui thamani.

Ninyi wenyewe hamkukaa bure. Ripoti yenu ya Maendeleo ya Dunia ya 2013 nzima ilihusu ajira. Ya 2019 ikaeleza kwamba asili ya kazi inabadilika. Ni kweli tupu. Hapa ilibadilika kutoka mshahara wa mwezi ikawa gunia.

Sasa nifike Mutoshi yenyewe, maana hapa ndipo sifa zangu zinapong'aa. Mwaka 2018 ulianza mradi wa majaribio kwenye leseni ya kampuni ya madini ya Chemaf, pamoja na kampuni ya biashara ya Trafigura, shirika la Pact na ushirika wa COMIAKOL. Ukawekwa uzio na lango. Mashine zikaondoa udongo wa juu ili mchimbaji asijichimbie kaburi la mita thelathini. Watu wakapewa kofia ngumu na viatu. Watoto hawakuruhusiwa kuingia, pombe vilevile. Na kina mama, ambao kwenye mashimo mengi huambiwa kwamba wakikaribia madini yanakimbia, wakaingia. Madini hayakukimbia. Wachimbaji walifika karibu 5,000. Walinung'unikia bei, maana mnunuzi alikuwa mmoja tu, na walikuwa na haki ya kunung'unika. Lakini jioni walirudi nyumbani wakiwa na miguu yote miwili.

Machi 2020 ikaja korona, lango likafungwa.

Septemba 2020, Jukwaa la Uchumi la Dunia likatoa ripoti iliyouchunguza mradi huo pamoja na ule wa Kasulo, ikionyesha kwamba njia hii inawezekana na inaokoa maisha. Mwandishi wake sina ugomvi naye. Aliyoyaandika yalikuwa kweli, ndiyo maana yanauma. Lango lilifungwa, miezi sita baadaye ripoti ikafunguliwa. Korona ilipoondoka kofia hazikurudi. Mwaka 2022 ukapatikana mkopo wa dola milioni 600 kutoka Trafigura, kwa ajili ya migodi mikubwa ya mashine ya Chemaf, wa Mutoshi ukiwemo. Mradi wa majaribio ulikuwa umefaulu mtihani; aliyefukuzwa shule ni mwanafunzi.

Nina swali dogo hapa, la kitaalamu. Mwezi huohuo wa Machi 2020, kwa ugonjwa huohuo, serikali ya Uingereza ilitangaza kulipa asilimia 80 ya mshahara wa mtu aliyesimamishwa kazi, hadi pauni 2,500 kwa mwezi, ili asipoteze nafasi yake. Wataalamu wa ajira waliisoma hatua hiyo kwa makini, wakapima nani alibaki kazini na kwa gharama gani. Kwetu hakuna aliyepima, kwa sababu hakuna aliyebakizwa. Je, hilo nalo huitwa matokeo, au huitwa tu pengo la takwimu?

Masharti yangu si magumu. Naomba niajiriwe nanyi moja kwa moja, si kwa sous-traitance, yaani kupitia kampuni ya kati. Mwaka 2021 mashirika ya kutetea haki ya RAID na CAJJ yalionyesha kwamba asilimia 57 ya wafanyakazi wa migodi mitano mikubwa ya hapa waliletwa na kampuni za kati, na mimi nimeshabeba magunia ya watu wa kati ya kutosha. Naomba niandikishwe kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, CNSS, ili nikizeeka katika kujibu maswali nipate chochote. Na majibu yangu yasipimwe kwa Metorex. Mnaijua Metorex? Ni ile mashine ndogo kama bastola ambayo mnunuzi anaielekeza kwenye gunia lako, anasoma namba yeye mwenyewe, kisha anakutajia. Kwenye depo moja niliambiwa asilimia tatu, nikavuka barabara na gunia lilelile, nikaambiwa moja na nusu. Sipendi mambo yangu yasomwe na anayeyanunua peke yake.

Sharti la mwisho ndilo ninaloling'ang'ania. Ripoti ikisema kwamba jambo fulani limefaa, jambo hilo liwe bado linaendelea siku ripoti inapozinduliwa. Waalikwa wa uzinduzi wanywe kahawa yao tu baada ya mtu kupiga simu Kolwezi na kuuliza kama lango liko wazi. Simu ni rahisi kuliko tiketi ya ndege. Nitaipokea mimi, na sitadai sucré.

Mkiona nafasi ninayoomba haipo kwenye muundo wenu, basi kuna nyingine nitakayoikubali bila masharti: kofia, viatu, shimo lisilozidi mita kumi, na mizani inayosomwa na watu wawili. Watu walioifanya kazi hiyo bado wako hapa Mutoshi, wanakumbuka jinsi ilivyofanywa, na hawahitaji mafunzo.

Naomba mnijibu kwa ndiyo au hapana. Tafadhali jibu lisiwe ripoti.

Wenu katika utafiti,
Mwajiriwa wa saa moja, Mutoshi