Jinsi ya Kutatiza Nyuzi Ndani ya Kompyuta

Kwanza, tunga shanga. Sahau kaboni na haidrojeni. Tangu Kurt Kremer na Gary Grest walipochapisha modeli yao mwaka 1990, molekuli ndefu ya plastiki ni shanga zinazosukumana, zilizoungwa kwa springi. Mimina minyororo sandukuni mpaka rojo lishibe. Tahadhari: sanduku halina kuta. Shanga ikitokea kulia inaingia kushoto, na hairuhusiwi kushangaa.

Pili, subiri. Mnyororo mrefu hauwezi kukatisha miili ya wenzake, hivyo hutambaa kwa urefu wake kama nyoka ndani ya bomba. Wazo hilo Pierre-Gilles de Gennes alilitoa mwaka 1971. Kwa hesabu yake, ukirefusha mnyororo mara mbili, muda wa kujinasua unakuwa mara 8. Vipimo vya maabara vinasema zaidi ya mara 10. Shanga nazo zimeongezeka maradufu, kwa hiyo mwambie msimamizi wako kompyuta itachukua muda mara 20, naye atasikia mara 2. Ukichoka, kata minyororo miwili iliyokaribiana, ibadilishane mikia, uendelee. Mwenye kiwanda akifanya hivyo ni mhalifu. Wewe umetumia mbinu. Halafu andika kwamba rojo "limetulia vya kutosha". Usiandike vya kutosha kwa nani.

Tatu, hesabu palipotatizika. Hapa ndipo watu huachia kazi. Ukichungulia hutaona fundo hata moja: ncha zote ziko huru, kila kitu kinaweza kufunguka, ila hakina haraka. Basi fuata njia ya Ralf Everaers na wenzake ya mwaka 2004. Shikilia ncha, zima joto, acha kila mnyororo ujikaze mpaka unyooke. Ruhusu mnyororo upite ndani ya mwili wake wenyewe, lakini wa jirani ni marufuku. (Ndiyo, ni sheria. Zoea.)

Sasa hesabu ni shanga ngapi kutoka msokotano mmoja hadi mwingine. Jibu la mwaka 1990 ni 35. La mwaka 2004 ni 65. Waliokuja baadaye na minyororo mirefu zaidi wakapata kama 85. Rojo ni lile lile. Chagua namba anayoipenda mhakiki wa makala yako, uitetee kwa moyo wote. Mhakiki wa pili anapenda nyingine.