Mbuzi wa Fainali Amezaa

Nilipostaafu ubwana shamba nilidhani nitapumzika. Kijijini mstaafu hapumziki. Akionekana tu anaandika barua ya mtu bila kuuliza tahajia, basi ameshakuwa katibu wa kitu fulani. Ndivyo nilivyopewa ligi ya mpira wa miguu ya kata yetu, hapa wilayani Chemba, katika mkutano ambao mimi niliuendea dawa ya viwavi. Mheshimiwa mmoja alisimama, akasema vijana wakishavuna wanakaa vijiweni tu, kwa hiyo msimu huu anadhamini ligi, na yeye mwenyewe anatoa mpira mmoja, seti moja ya jezi na mbuzi wa bingwa. Makofi yakapigwa. Yalipokwisha, mheshimiwa akapanda gari kwenda Dodoma kwenye vikao, sisi tukabaki na mpira, jezi na mbuzi. Swali la nani atamlisha mbuzi halikuwa kwenye ajenda. Jioni yake alikuwa amefungwa kwenye mwembe wangu.

Tuanze na ratiba. Timu ni 8, kila moja ikutane na mwenzake mara moja, halafu mbili za juu zicheze fainali, kwa sababu mheshimiwa anataka kukabidhi mbuzi mbele ya umati. Hizo ni mechi 28 na fainali yake. Uwanja ni mmoja. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne anaiweza. Sasa toa siku ya mnada, maana siku ya mnada hata mwamuzi utamkuta kwenye nyama choma. Toa Ijumaa. Toa Jumapili mpaka ibada iishe, na tuna mhubiri hapa ambaye akishaanza Mwanzo hakuachii mpaka Ufunuo. Toa misiba, ambayo haipangiwi tarehe. Toa harusi, ambazo zote hufungwa baada ya mavuno, yaani katika miezi ileile ya ligi. Huku mvua ni msimu mmoja. Ikikata Aprili watu wanavuna na kupura, na ikifika Novemba wameshaanza kusafisha mashamba kusubiri mvua ya Desemba. Ligi isipoanza Julai na kuisha Oktoba, haiishi.

Nikaipanga ratiba. Nikaiandika kwa kalamu ya wino mzito, nikaibandika kwenye ukuta wa ofisi ya mtendaji, pale ambapo kila mtu hupita. Kila mtu akapita. Usiku, nikiwa nimeshalala, simu inalia: "Shikamoo, Bwana Shamba. Samahani kwa usumbufu. Eti kesho tunacheza na nani?" Namwambia ratiba ipo ukutani. Ananijibu kwa adabu zote kwamba ukuta uko mbali, simu iko karibu.

Uwanja nao. Sheria za mpira zinasema goli liwe na upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Goli letu la upande wa barabarani lilipimwa kwa futi kamba ya fundi ujenzi. La upande wa makaburini lilipimwa kwa hatua za kijana mmoja mrefu, na kijana huyo siku hiyo alikuwa na haraka. Matokeo yake timu zinagombania upande kabla ya kugombania mpira. Nguzo ni miti ya porini, na mchwa wa Chemba hawajui kwamba ligi ina kalenda. Mistari tulianza kuichora kwa chokaa, chokaa ikaisha mechi ya pili, tukahamia kwenye majivu ya jikoni. Upepo wa Agosti unaujua mwenyewe ukiwa umepita huku. Ukiamka, mstari wa kumi na nane unahamia kijiji cha pili, na penalti zinapigwa kwa kumbukumbu. Na kwenye saa kumi na nusu ng'ombe wanarudi kutoka majini. Njia yao inapita katikati ya uwanja na ilikuwepo kabla ya ligi, kwa hiyo hakuna wa kuwaambia kitu. Mwamuzi anasimamisha saa, wachezaji wanasimama, ng'ombe wanapita bila wasiwasi, mchungaji anauliza matokeo.

Mpira ukitoka nje ni mkasa mwingine. Upande mmoja kuna ua wa minyaa, na utomvu wake ukiingia jichoni hakuna atakayekukumbusha tena kwamba mnaongoza. Upande wa pili ni shamba la mbaazi. Mbaazi, kwa wasiojua, hubaki shambani wakati mahindi na alizeti vimeshaondoka, kwa hiyo ndizo pekee zilizosimama msimu wa ligi, na mwenye shamba amesimama nazo. Mpira ukiingia huko anauweka kwapani, anasema hautoki mpaka katibu aje aone miche iliyovunjwa. Naenda. Mimi ndiye niliyemshauri apande mbaazi hapo, miaka ile nikiwa kazini, na huwa hasahau kunikumbusha mbele za watu.

Lakini yote hayo ni madogo ukilinganisha na mamluki. Kanuni yetu inasema mchezaji awe mkazi wa kijiji anachokichezea. Zamani kanuni hiyo ilijilinda yenyewe. Mtu atoke Dodoma kuja huku kwa barabara ile ya vumbi, ashuke miguu imevimba na kifua kimejaa udongo, alikuwa anacheza kama sisi au chini yetu. Mwaka 2018 ikazinduliwa lami, kilomita 251 kutoka Dodoma hadi Babati, sehemu ya ile barabara kuu inayoota kuunganisha Cape Town na Cairo. Tukaambiwa italeta wafanyabiashara, watalii na soko la mazao. Labda. Mimi kwenye daftari langu nimeona imeleta mamluki. Mtu anashuka mchana kwenye basi, anakula wali kwa mama lishe kwa gharama ya timu, anafunga mabao mawili, na jioni anadaka Noah ya kurudi mjini. Fomu ya usajili inayo picha yake, jina la mtoto wa balozi, na sahihi ya mwenyekiti wa kitongoji kuthibitisha kwamba alizaliwa hapahapa. Msimu huu kijana mmoja mwenye kovu juu ya jicho la kushoto nimemkuta kwenye fomu za timu mbili, majina tofauti, kovu lilelile. Nilipomuuliza kiongozi wa timu akaniambia, "Bwana Shamba, hao ni mapacha." Na kovu? "Walianguka pamoja."

Ukimfungia, inakuja rufaa. Rufaa zetu huandikwa nyuma ya daftari la mtoto, huku mbele kuna hesabu za mafungu, na zote huanza kwa "Rejea kichwa cha habari hapo juu" bila kichwa chochote hapo juu. Kila rufaa lazima itaje Simba na Yanga. Kwamba mwaka fulani ilitokea hivi kwa Yanga na ikaamuliwa vile kwa Simba, kwa hiyo na sisi tupewe pointi tatu. Ada ya rufaa hailipwi, maana hata ada ya ushiriki haijalipwa. Tulikubaliana shilingi 30,000 kwa timu. Mweka hazina anasema zinakuja kwa awamu, na awamu hazijafika. Timu moja tu ilionyesha uungwana ikalipa kwa gunia la alizeti. Nikalipokea kwa moyo mweupe, halafu nikakumbuka jinsi bei ilivyoporomoka msimu wa 2023, wakulima wakabaki wanayatazama magunia yao. Tukalikamua. Ligi sasa ina mafuta ya kupikia na haina filimbi.

Katikati ya adha hizo akaja mpwa wangu kutoka Dar es Salaam. Anabeba mifuko ya wacheza gofu, na huwezi kunywa naye chai bila kupewa habari za Gymkhana na za uwanja ule wa jeshi kule Lugalo. "Mjomba," akaniambia, "wenzenu wanaendesha mashindano ya ridhaa bila kelele." Nikamsikiliza. Kwanza, kila mchezaji anatembea na kadi, na mikwaju inahesabiwa na wachezaji wenyewe, huyu akimwandikia yule, mwisho wanasaini na kukabidhi. Mwamuzi hawafuati kila hatua. Pili, mpira ukipotea wanautafuta dakika 3, zamani zilikuwa 5, wakashusha mwaka 2019. Usipoonekana, unapewa adhabu unaendelea. Hakuna mwenye mbaazi. Tatu, ukiwa mchezaji wa ridhaa unalipia kucheza. Hapo nikaweka kikombe chini. Wetu hawavai kiatu kabla hawajaona soda.

Kilichonimaliza ni hendikepu. Anayejua sana hapunguziwi kitu, asiyejua anapunguziwa mikwaju kulingana na udhaifu wake, mpaka 54 ndiyo mwisho, ili mkuu wa idara mwenye kitambi ashindane na kijana na mechi iwe na maana. Nikaona huo ndio uungwana. Tunayo timu ya ng'ambo ya korongo ambayo haijawahi kushinda, na hujikusanya kwa kumwomba dereva wa bodaboda aliyewaleta avue kofia aingie golini. Kwa nini wasianze na bao moja kibindoni?

Nikalipeleka kwenye kamati. Nikaeleza vizuri, wazee wakatikisa vichwa kukubali, mwenyekiti akasema ni jambo la kisasa. Tukaziandikia timu zote: inayojiona dhaifu ilete maelezo. Ndugu msomaji, zimekuja barua 8. Timu zilezile ambazo mwezi mzima zilikuwa zinazunguka na spika juu ya pikipiki zikijiita moto wa kuotea mbali, zote zimekuwa wagonjwa. Moja imeandika kwamba kipa wake hana jicho zuri jua likizama. Nyingine kwamba mabeki wake wote ni wa ukoo mmoja na ukoo uko kwenye msiba. Mabingwa wa mwaka jana wameleta barua yenye muhuri wa kitongoji, kwamba mshambuliaji wao ameoa. Na timu ya ng'ambo ya korongo, ambayo kwa ajili yake nilihangaika, ndiyo pekee iliyochelewa. Ilipofika ikasema yenyewe haihitaji huruma ya mtu, ila kama wengine wanapewa, na wao wapewe mawili.

Mpwa wangu akacheka, kisha akakiri kwamba hata huko kwenye majani mabichi wapo wanaoharibu makusudi wiki chache kabla ya shindano, ili hendikepu ipande, halafu siku ya zawadi wanaamka mabingwa. Nilifarijika kidogo. Sikufarijika sana, kwa sababu yeye alirudi Dar na mimi nilibaki na barua.

Turudi kwa mbuzi. Kanuni za gofu za dunia, tangu mwaka 2022, zinamruhusu mchezaji wa ridhaa kuchukua zawadi isiyozidi dola 1,000 za Marekani. Wametumia kalamu na wanasheria kuweka ukomo. Sisi tuliandika mstari mmoja: "Bingwa atapata mbuzi mmoja." Hakuna aliyemkagua. Mimi niliyekagua mifugo na mazao ya watu miaka yote nilimwona anakula sana nikasema ni njaa ya safari. Fainali ikaahirishwa kwa msiba, ikaahirishwa kwa harusi, ikaahirishwa kwa kuwa mheshimiwa yuko kwenye vikao. Alfajiri moja mke wangu akaniamsha: "Baba Fulani, zawadi yako imezaa."

Habari ilifika vijiji vyote kabla ya chai, ile ratiba ya ukutani haijawahi kwenda mbio hivyo. Nahodha wa kwanza kufika alisema mtoto anamfuata mama, kwa hiyo ni wa bingwa. Wa pili akasema kanuni imesema mbuzi mmoja, si wawili, kwa hiyo mtoto ni wa mshindi wa pili, na ameniachia nakala ya kanuni hiyo akiwa ameipigia mstari mwekundu. Timu iliyoshika nafasi ya tatu inataka nafasi ya tatu itambuliwe. Mheshimiwa kapiga simu kutoka Dodoma, akasema yeye alitoa mbuzi mmoja, cha ziada kirudi kwake. Mke wangu, aliyekata majani na kubeba maji miezi yote hiyo, hajaandika rufaa yoyote. Amemhamishia mtoto jikoni na kumpa jina, na kwa ninavyomfahamu, hiyo ni hukumu isiyo na rufaa.

Kikao cha kulijadili ni Jumamosi baada ya alasiri, nje ya ofisi ya mtendaji. Ajenda ya pili ni uchaguzi wa katibu. Mwombaji awe na kalamu yake, simu inayozimika usiku, na uhusiano mzuri na mwenye shamba la mbaazi. Posho hakuna, ila kuna lita kadhaa za mafuta ya alizeti. Fomu ninazo mimi, zinatolewa bure, na mwenye zizi atafikiriwa kwanza.