Kufufua au Kuuza kwa Kilo: Mwongozo wa Mwenye Gari Budalang'i

Kabla ya kumwita fundi, tafuta alama ya matope mlangoni. Mto Nzoia ukipitia gari huacha mstari wa udongo, na mstari huo haujui kudanganya. Ukiishia kwenye kapeti, anika kapeti. Ukifika vitini, tafuta pesa za waya. Ukivuka deshibodi, gari ni la kambare. Lako ni logbook.

Usiguse ufunguo. Najua hutaweza, kwa sababu majirani wamekuzunguka, na yule ambaye hajamiliki hata baiskeli anakuhimiza: "Hebu piga stata tusikie!" Usipige. Hewa hukubali kubanwa ndani ya silinda, maji hayakubali. Pistoni ikigongana nayo, konrodi hupinda, na gari lililohitaji kukaushwa na kubadilishiwa oili sasa linahitaji injini.

Sasa fundi aje. Akisema, "Hii ni kitu kidogo, mkubwa," ongeza sifuri moja. Akiingia uvunguni kimya, akatoka akifuta mikono polepole, ongeza mbili. Mwulize kuhusu chesisi tu. Shoksi, bushi na boli joint ni ushuru tunaoilipa barabara ya Port Victoria kila msimu. Lakini chesisi ikipinda, gari likaanza kutembea upande kama kaa, mjadala umefungwa, hata kama mlilipigia picha za harusi.

Ukiona bado linafaa, jiulize linatengenezwa lipite wapi. Kingo za Nzoia zilipasuka 2003, zikapasuka 2008, zikapasuka 2011. Daraja la Sigiri, la zaidi ya shilingi bilioni moja, liliporomoka Juni 2017 likiwa halijakamilika, siku chache baada ya Rais Uhuru Kenyatta kulikagua. Ikiwa daraja jipya lilishindwa na Budalang'i, Probox yako ya mitumba haina la kuonea aibu.

Kuuza kwa kilo nako kuna adabu zake. Sikiliza redio kwanza: Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu kwa sababu ya hujuma dhidi ya minara ya umeme, na ruhusa ikarudi Mei. Sheria ya 2015 inamtaka mnunuzi awe na leseni. Dalali wa kutoka Busia atakuonyesha kitambulisho cha mpiga kura. Atafika kabla hujatangaza, na mizani yake ina huruma kwa upande mmoja. Ng'oa betri, rejeta na matairi kabla hajashuka kwenye bodaboda. Shemeji atanong'ona kwamba ng'ambo, upande wa Uganda, wanalipa vizuri zaidi. Mwambie alivushe gari yeye, mchana, mbele ya forodha.

Viti usiuze. Viweke uani, maana fundi atarudi kudai pesa za kuingia uvunguni, na atahitaji pa kukaa akikusubiri.