Njoo Jumatatu na Kopi Mbili: Mwongozo kwa Mlezi Mpya

Hongera. Umekubali kumpokea mtoto wa wenzio. Umejaza fomu, umekaguliwa sebule, choo na tabia, na sasa unatambulika kuwa mlezi wa malezi ya kambo kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009 na kanuni zake za 2012. Umeahidiwa pia kwamba huduma zote za mtoto zitaratibiwa. Hukutajiwa nani ataziratibu, na adabu ya ugeni ilikuzuia kuuliza. Yafuatayo ni kwa faida yako.

Wajue wakubwa wa mtoto

Usidhani umepokea mtoto mmoja. Umepokea mtoto pamoja na afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, hakimu wa Mahakama ya Watoto, mwalimu mkuu, nesi wa kliniki, RITA wasajili wa vizazi, mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa. Kila mmoja ana rejista yake, na katika kila rejista jina la mtoto limepungua au limeongezeka herufi moja.

Afisa ustawi ndiye wa kumshika kwanza, ukimpata. Ameajiriwa na halmashauri, kwa hiyo wakubwa wake wa kazi wako TAMISEMI, yaani serikali za mitaa. Sera anayoitekeleza inatoka Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Mpaka Januari 2022 ustawi ulikaa wizara moja na afya, kwa hiyo usishangae ukielekezwa kumtafuta nyuma ya hospitali. Kosa la mlezi mgeni ni kuamini kwamba wote hawa wanajuana. Wanaosalimiana wapo, ila wamekutana msibani.

Nunua faili la plastiki, lenye kifungo

Ofisi ina jalada la mtoto, usiwe na shaka. Jalada limo kabatini, ufunguo anao mhusika, na mhusika yuko semina Morogoro. Kwa hiyo jalada linalofanya kazi ni lile la kwapani mwako: barua ya kukabidhiwa mtoto, amri ya mahakama kama ipo, kadi ya kliniki, nakala ya PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kama mtoto aliumizwa, picha ndogo nne na barua ya mtendaji. Barua hiyo ihuishwe kila mara, kwa kuwa utaambiwa ya mwezi jana imechacha. Mwenye steshenari ya jirani na halmashauri mzoee mapema, maana ndiye mtumishi pekee katika safari hii anayefungua saa moja asubuhi na asiyekwenda semina.

Cheti cha kuzaliwa ndicho mtihani wa kwanza. Tangu 2013, kuanzia Mbeya, RITA imekuwa ikisogeza usajili wa watoto walio chini ya miaka mitano hadi kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, tena bila malipo. Jambo jema sana kwa mtoto aliyekuja na mama yake. Wako amekuja na askari, na miaka mitano ameshaipita. Jiandae kwa mazungumzo haya:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeleta fomu ya mtoto."

"Hapa pa jina la mama mbona hujajaza?"

"Hajulikani, baba. Ndiyo maana mtoto yuko kwangu."

"Nimekuelewa, lakini ukipaacha wazi fomu haipiti. Nenda ustawi wakupe barua."

"Ustawi ndio walionituma kwako."

"Basi wakupe barua inayosema wamekutuma. Njoo Jumatatu, na kopi mbili."

Usigombane naye. Kijana wa watu hana ubaya, na fomu hakuitunga yeye.

Shule, kwa ufupi

Elimu bila ada ipo tangu Januari 2016, ila sare, madaftari na mchango wa uji vina sheria zao. Linalokuhusu zaidi ni uhamisho. Mwanafunzi ana namba yake ya PREM, na shule ya zamani inatakiwa kumwachia kwenye mfumo ili ya sasa impokee. Mwalimu mkuu wa kule atakuapia kwamba amemwachia tangu wiki jana. Wa huku atakuonyesha kioo cha kompyuta na kuapa kwamba hajamwona. Wote wawili ni wakweli, mtandao tu unasumbua. Mtoto akae darasani akisubiri, mradi usimweleze kwamba kwa sasa yeye yuko kati ya Singida na Manyoni.

Mzoeshe mtoto kusimulia

Kila dirisha litamwomba aeleze ilikuwaje. Polisi wameshaandika maelezo, ustawi umeshaandika taarifa ya uchunguzi wa kijamii, daktari ameshajaza fomu yake, lakini karatasi hizo hazitembei, ila mtoto anatembea. Basi yeye ndiye anayebeba habari zake kutoka ofisi hadi ofisi. Mara ya kwanza atalia. Mara ya tatu ataeleza huku akitazama feni. Kufikia ya tano atakuwa ameshajua ni sehemu gani humfanya mkubwa aweke kalamu chini, na ataanzia hapohapo ili amalize haraka. Utasikia akisifiwa: "Mtoto huyu ana akili, anajieleza vizuri."

Usiku, mtoto huyo anayejieleza vizuri utamkuta ameficha kipande cha ugali chini ya mto. Anakojoa kitandani, na ana miaka tisa. Kwa hili utatafuta dirisha usilione. Utaambiwa umwombee, au umpeleke kwa mshauri nasaha wa hospitali ya rufaa, siku ya kliniki yake, ukiwa na barua. Nauli ya kwenda huko haimo katika bajeti ya yeyote. Kwa wakati huo mwache na ugali wake. Mwonyeshe kabati la chakula lilipo na umwambie halifungwi.

Kikao

Uratibu rasmi hukaa hapa. Serikali ilipozindua MTAKUWWA, mpango wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, Desemba 2016, ilikusanya mipango kazi minane ikawa mmoja, na Kamati za Ulinzi wa Wanawake na Watoto zikaundwa kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Wazo ni zuri na halina kasoro: polisi, ustawi, afya, elimu na viongozi wa dini mezani pamoja, mashauri ya watoto mbele yao. Tena pale akidi inapotimia, mambo hutokea. Simu moja tu ya mwalimu kwa nesi aliyeketi kiti cha pili humaliza kilichokuhangaisha tangu masika.

Mlezi mgeni asome ajenda kwa makini. Kwanza kufungua kikao. Pili kusoma muhtasari uliopita. Tatu yatokanayo, ambayo hula muda mwingi kwa sababu waliopewa majukumu safari iliyopita wamehamishwa. Nne taarifa ya utekelezaji, yenye jedwali. Tano mengineyo. Mtoto wako yumo katika mengineyo, pamoja na ukarabati wa choo cha ofisi ya kata.

Wazazi wake na ndugu zake

Hawa husahaulika kuliko wote. Malezi ya kambo si zawadi ya mtoto kwako. Kwa kawaida lengo ni arudi kwao, kama kwao patakalika. Lakini wakati wewe unapigiwa simu ya "mtoto anaendeleaje", mzazi aliyeahidiwa kuunganishwa na kikundi cha mikopo hapigiwi, na dada yake mtoto yuko kwenye makao ya mkoa mwingine. Miezi inapita, mtoto amepona, nyumba aliyotolewa iko vilevile. Ukisikia wanasema kesi imekwenda vizuri, uliza ya nani.

Usimtukane afisa ustawi

Ana kata zaidi ya moja, pikipiki haina mafuta, na anakupigia kwa bando lake mwenyewe. Naye anazungushwa kama wewe, tofauti ni kwamba yeye ana muhuri. Mkilaumiana mtakwama pamoja. Msaidiane, na mtafika.

Njia yenyewe ni hii. Kila uendapo ofisi, usitoke kabla hujaandika kwenye kurasa za nyuma za faili lako mambo matatu: nani atafanya, lini, na namba yake ya simu. Nakala ya ukurasa huo mpe afisa ustawi. Tarehe ikipita, piga. Mtoto akiwa hatarini usisubiri tarehe wala Jumatatu, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Ukiambiwa kwamba kazi ya kufuatilia si yako, ni ya mratibu, kubali mara moja. Kisha omba jina lake, umwandike kwenye mstari wa kwanza.